Mayai ya Kwenda Porini

Kabungu, kwa Baba
Jumapili ya Matawi, 9 Aprili 1995

Dada Bernadetha,

Sisi huku tunapumua na mvua bado inanyesha. Salamu zingine jaza mwenyewe, unazijua zote. Leo nina haraka kwa sababu kuna mtu wa parokia anakwenda Mpanda mjini kesho asubuhi na amekubali kuniingizia barua posta.

Nakuandikia juu ya Baba. Tangu tumzike Mama mwezi wa kwanza amekuwa mtu wa kukaa. Asubuhi anatoa kigoda chake, anakiweka pale mbele chini ya upenu alipokuwa anatengenezea mizinga ya nyuki, anakaa. Jua likizama anakirudisha ndani. Ugali anaonja matonge mawili matatu, anasema ameshiba. Suruali ile ya kaki nimeipunguza kiuno mara mbili kwa cherehani. Rozari yake imening'inia msumarini, haijashikwa. Nikianza kusali anainuka, anasema anakwenda kuangalia kuku, na kuku wameshaingia bandani zamani.

Kitu kimoja tu anakila kwa hamu, mayai ya Mama. Unaikumbuka ile chupa kubwa ya masista yenye mdomo mpana? Mama aliijaza mwezi wa kumi na moja, yawe chakula cha Baba cha kwenda nacho porini kurina asali mwezi wa Desemba. Ndipo akaanza kuumwa, Baba hakwenda, na chupa ikabaki ilivyo. Siku ya kuanua tanga wazee walisema, kama ilivyo kawaida yetu, chakula alichokiacha marehemu kionjwe na watoto wake. Tukala yai moja moja, mimi na kaka Selestine. Wewe hukuwepo. Yaliyobaki Baba anakula moja kila Jumapili akitoka kanisani. Analikata kwa kisu chake cha asali vipande vinne, anakula polepole, na siku hiyo anaongea kidogo. Leo nimechungulia chupa. Yamebaki manne.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Juzi amekuja Elia, yule mwenzake wa porini miaka yote, wapange safari ya mwezi wa saba. Baba akamwambia, "Mimi siendi tena. Nitakwenda na nini? Aliyekuwa ananifungia chakula hayupo. Mwezi wa saba ukifika, mizinga yangu yote ichukue wewe, iwe yako." Mizinga yake, dada! Ile aliyoipandisha mitini kabla mimi na wewe hatujazaliwa! Elia alitoka pale anajifuta machozi, mtu mzima vile, na mimi nikaenda kulia jikoni.

Nimewaza hivi: nikiweza kumwekea Baba chupa ya mayai kama ya Mama kabla ya mwezi wa saba, hatakuwa na sababu. Ataondoka. Akishafika porini, nyuki watafanya kazi iliyobaki. Akikaa kwenye kile kigoda mwaka mzima, tutamzika naye.

Lakini mimi sijui yanavyowekwa. Nilitolewa hapa nina miaka saba nikapelekwa kwa shangazi Kasekese, nimerudi baada ya msiba na cherehani yangu kumtunza mzee. Mambo ya jikoni kwa Mama siyajui kabisa. Wewe ndiye uliyekuwa mkono wake. Niandikie kila kitu, usiruke.

Na treni ya kukuleta msibani, kama ulivyotuambia, njia ilikuwa imekatika. Haya.

Mdogo wako,
Imakulata


Tabora
2 Mei 1995

Imakulata mdogo wangu,

Barua yako ilifika imelowa pembe moja, nikaikausha kwa pasi. Glory anauliza mama mdogo atamshonea lini gauni la mikono ya puto. Shemeji yako Silvesta yuko karakana anaranda mbao, anakusalimu wewe na Mzee.

Nilipofika pale kwenye kigoda nililia. Glory akaniuliza kama nimekata vitunguu, nikamwambia ndiyo.

Haya, nimeshika kalamu mimi, wewe shika sufuria.

Kwanza siki. Mama alipokuwa msichana wa jikoni kwa masista kule Karema, wao walitumia siki ya dukani. Alipoolewa na mrina asali hakuona sababu ya kuinunua. Asali ikishakamuliwa, masega yanabaki na utamu wake. Unayaosha, na yale maji unayaweka mtungini yachache. Siku ya nne inakuwa wanzuki, pombe ya asali, na hapo ndipo Baba na Elia walipokuwa wanaanza kupitapita jikoni wakijifanya wanatafuta kibiriti. Mama alikuwa anaukalia mtungi, Ima, anaukalia kweli na kanga zake mbili mpaka waondoke! Ukiiacha mwezi mzima bila kuigusa, siyo pombe tena, ni siki ya kukutoa machozi. Baba alikuwa anawaambia watu, "Kabungu nzima ni mke wangu peke yake anayeharibu pombe makusudi." Mtungi wa mwisho wa Mama lazima uko palepale nyuma ya kinu. Nusa. Ukikohoa, ndiyo yenyewe.

Mayai usichukue ya leo. Yai la leo ganda linang'ang'ania, ukimenya linatoka na nyama yake. Yaache siku tatu, nne, lakini wiki isipite. Yatie kwenye maji baridi, linaloelea ni viza, ukalitupe mbali na nyumba. Chumvi iwe ile ya Uvinza ya mabonge, konzi mbili, uichemshe pamoja na siki na uiache ipoe kabisa. Pilipili kichaa kama kumi, nzima, usizikate.

Sasa kuchemsha mayai yenyewe, na hapa ndipo penyewe. Mama hakuwa na saa. Maji yakianza kutokota alikuwa anasali rozari, makumi mawili. Baba Yetu, Salamu Maria kumi, Atukuzwe, halafu tena hivyohivyo. Akimaliza anaipua, anayamwagia maji ya baridi, anamenya. Makumi mawili tu, yasizidi yasipungue. Na usisali kama ninavyokujua wewe, kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

Ukishamenya yapange chupani, mimina siki mpaka yafunikwe yote, ziba mdomo kwa kile kibao cha Baba na nta. Wiki mbili usifungue hata kwa kuchungulia.

Siku hizo za kuchemsha mimi nilikuwa kule nyuma kisimani nasugua chupa kwa mchanga. Naona hata sasa nausikia ule mchanga kucheni. Asubuhi ya safari Baba alikuwa anaibeba chupa kwenye kapu lililotandikwa nyasi, hataki Elia aiguse. Tulikuwa tunasimama njiani mpaka wapotee kwenye miti, halafu Mama anarudi kufagia uwanja. Alikuwa anafagia hata pasipo na taka. Nikiwa mtoto nilimwona wa ajabu, sasa hivi nina nyumba yangu na nimeshajikuta nikifanya vilevile.

Habari ya treni tuiache.

Dada yako,
Bernadetha


Kabungu
28 Mei 1995

Dada,

Mayai yako yameharibika.

Nilifuata kila neno. Mtungi niliukuta nyuma ya kinu, nikanusa, nikakohoa mpaka jirani yetu Kabula akaja mbio akidhani nimepaliwa. Huyu ni mama wa Kisukuma, walihamia hapa na ng'ombe wao mwaka juzi, ana roho nzuri na mdomo mrefu. Alikaa akanisaidia kumenya. "Sisi kwetu yai tunamwachia kuku atotoe," ananiambia, "nyie mnalipeleka seminari." Chumvi ya Uvinza nilipata, pilipili nilizichuma kichakani. Na nilisali makumi mawili ya rozari, polepole, neno kwa neno, kwa hasira ya hayo maneno yako ya mbwa.

Wakati wa kumenya tu nikaona yanabonyea. Nikajipa moyo kwamba siki itayakaza. Baada ya wiki mbili nimefungua, siki imekuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele na mengi yamepasuka. Harufu usiniulize. Nikachagua moja lililoonekana zima, nikampelekea Baba kwenye sahani ya Mama. Akalikata kama anavyokata, kiini kikatiririka kwenye kisu. Akaonja kidogo. Angekasirika ningefurahi, lakini hakukasirika. Alisema, "Asante mama, umehangaika. Lakini hili si la mama yako." Akafuta kisu, akarudi kukaa.

Na ya Mama limebaki moja. Jumapili nne sasa hajaligusa. Chupa ameihamishia uvunguni mwa kitanda chake, na nikimwuliza anasema tu, "Liache hapo." Nadhani anaogopa akilila Mama atakuwa ameisha kweli. Kwa hiyo sasa hata Jumapili haongei.

Elia anaondoka katikati ya mwezi wa saba. Alikuja tena kumbembeleza, Baba akaingia ndani, akatoka na kamba yake ya kupandia miti, akampa. Elia hakutaka kuipokea. Baba akaiweka chini miguuni pake akamwambia, "Ukiiacha hapa itaozea hapa."

Sasa nakuambia lililo moyoni. Kuna kitu katika haya mayai umenificha, na si mara yako ya kwanza kuficha. Treni ya Jumatatu baada ya kukupigia simu ya maandishi ya kifo ilifika Mpanda. Nilikuwa pale stesheni. Watu walishuka na magodoro yao na kuku wao, nikasimama mpaka mabehewa yakawa matupu. Mama alikuwa ameshalala ardhini siku mbili, lakini nilisema dada atakuja, lazima atakuja. Nikarudi tena Alhamisi, ikafika nayo. Njia haikukatika wala nini. Kama hukutaka kuja kumlilia Mama ungesema, kuliko kuisingizia reli. Na kama unataka ubaki wewe tu mwenye kuyajua mayai yake, basi baki nayo. Lakini anayekonda hapa ni baba yako pia.

Imakulata


Tabora
20 Juni 1995

Mdogo wangu,

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Niliiweka ndani ya kitabu cha misa, nikawa naisoma wakati wengine wanaimba.

Njia haikukatika. Nilidanganya.

Simu yenu ya maandishi ilifikia karakana kwa Silvesta siku ya Jumamosi. Mimi nilikuwa hospitali tangu Alhamisi. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, Imakulata. Hamkujua kwa sababu nilitaka nije nayo mwenyewe, Mama anione ninavyoshuka kwenye treni na tumbo langu. Baada ya Glory miaka sita ilikuwa imepita, na unajua alivyokuwa ananiuliza kila barua. Mtoto alizaliwa Ijumaa na hakulia. Alikuwa wa kike. Silvesta aliikunja ile simu akaiweka mfukoni siku tisa, mpaka niliposimama kwa miguu yangu, ndipo akanipa. Nilimpiga kwa ngumi zote mbili, akasimama tu.

Ningewaandikia nini? Nyie mna kaburi bichi, halafu mimi niwatumie lingine kwenye bahasha? Baba ningemwambiaje? Nikaona afadhali reli ibebe lawama, reli haiumii. Sikujua ulisimama stesheni. Hilo la mabehewa matupu limeniuma kuliko yote uliyoandika, na mengine uliyaandika uniume.

Jina nilikuwa nimeshamwekea. Mariana, kama Mama. Baba asiisome barua hii.

Sasa mayai. Na hapo nilikudanganya, kidogo. Niliandika kama mtu aliyechemsha mara mia, na ukweli ni kwamba sikuwahi kuchemsha hata mara moja. Mama hakuniachia. Alikuwa anasema mikono yangu ina haraka, niende kisimani nikasugue chupa. Kwa hiyo nilikuwa namsikia tu kupitia ukuta wa jikoni. Alikuwa anaanza Salamu Maria kwa sauti, anafika pale kwenye "amebarikiwa", ananyamaza. Kimya kirefu. Nasikia kuku, nasikia mfuniko unagonga sufuria, halafu anaanza nyingine. Nusu tu ya sala. Nilikuwa nadhani nusu ya pili anaimalizia moyoni, au moshi umemkaba. Nilikuwa nahesabu nusu hizo ishirini, ndipo naitwa, "Bernadetha, lete chupa!"

Hicho ndicho nilichokisikia na sina kingine. Kama Mama alikuwa na siri ameondoka nayo. Sikuificha, sikuwa nayo. Naapa.

Dada yako asiyefaa,
Bernadetha


Kabungu
9 Julai 1995

Dada yangu, dada yangu,

Nisamehe. Nimeandika neno hilo na kulifuta mara nne, karatasi imetoboka, kwa hiyo liache lilivyo. Nilikuwa na picha yako umekaa Tabora na nywele zako zilizosukwa, hujali. Niliishi na picha hiyo miezi mitano. Ningejua ningekuja kwa miguu.

Ulisema Baba asisome. Nimemsomea. Ungekuwepo ungenipiga, lakini nilishindwa kukaa naye sahani moja huku nimelibeba peke yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale pa mtoto. Akauliza, "Jina lake umesema nani?" Nikamwambia. Akainuka akaingia ndani, nikasikia kitanda.

Sasa hebu nikueleze kuhusu kile kimya. Niliposoma pale uliposema nusu ya sala, nilirudia kusoma mara tatu. Wewe ulikuwa nyuma kisimani. Mimi je, nilikuwa wapi? Nilikuwa mdogo, nilikuwa mbele, chini ya upenu, nimekaa kwenye maganda ya miti katikati ya miguu ya Baba anapotengeneza mizinga. Nakumbuka harufu ya yale magome mabichi, na nakumbuka Baba alikuwa anasema maneno kwa sauti ya chini, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," taratibu, anapiga kigingi kimoja, anaendelea, anafika Amina. Halafu ananyamaza, anasubiri, anaanza tena palepale. Nilikuwa nadhani anawasalia nyuki. Miaka yote hii nimeamini kwamba mzinga mpya husaliwa nusu ya Salamu Maria! Hata Kabula nimeshamwambia kwamba ni desturi yetu.

Kwa hiyo wewe ulikuwa na nusu ya Mama na mimi nilikuwa na nusu ya Baba, na jikoni ilikuwa katikati.

Alhamisi mchana nilichemsha. Sikumwambia Baba kitu. Nilifungua mlango wa jikoni wazi kabisa, yeye yuko mbele kwenye kigoda. Maji yakatokota. Nikasema Baba Yetu, halafu Salamu Maria kwa sauti, nikafika kwenye "amebarikiwa", nikanyamaza.

Kuku. Mfuniko. Kabula alikuwa amekaa na bakuli mapajani, akafungua mdomo aniulize, nikamkata kwa jicho. Nilijisemea, nikiimalizia mwenyewe nimeshindwa, bora yageuke mawe. Nikasubiri, na machozi yananitoka kwa moshi na kwa mambo mengine. Ndipo nikasikia kigoda kinasogezwa. Halafu sauti, kwanza imekwama, kama mlango uliofungwa siku nyingi. "Maria Mtakatifu." Akapumzika. "Mama wa Mungu." Dada, nilishika kinu.

Sasa najua kwa nini yangu yalitoka mabichi. Baba hana haraka na Mungu. Anasema neno, anapumua, anasema lingine, nusu yake peke yake ni ndefu kuliko Salamu yangu nzima. Makumi mawili ya watu wawili si makumi mawili ya mtu mmoja anayesali na huku anaangalia moto. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, mimi jikoni na yeye nje, hatuonani. Kwenye kumi la pili sauti yake haikukwama tena. Baada ya Atukuzwe akasema kutoka kule mbele, kama mtu aliyelisema jana na juzi, "Ipua."

Nikaipua. Kabula amemenya, hakuna lililobonyea. Tulipasua moja tukaangalia, kiini kimekaza mpaka katikati, tukagawana. Mengine yako kwenye chupa nyingine, ndani ya siki ya Mama.

Elia amesogeza safari mpaka tarehe 22, ili wiki mbili zitimie. Jana Baba aliaga kwamba anakwenda kumsalimia. Amerudi na kamba yake begani, ametoa kigoda nje na kuanza kuipaka mafuta. Ugali jioni aliomba aongezwe.

Lile la mwisho la Mama bado liko uvunguni. Sijui analitakia nini na siulizi tena.

Mdogo wako anayekupenda,
Imakulata


Kabungu
Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, 15 Agosti 1995

Kwa binti yangu Bernadetha, Mama Glory,

Ni mimi baba yako Severini. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usome polepole, herufi zangu ni za misheni ya zamani na miwani ni ya Elia.

Nimerudi kutoka porini juzi, mzima. Mizinga tisa nyuki wamehama, mingine imejaa. Mmoja niliupandisha mwaka uliozaliwa wewe, na bado una nyuki wakali vilevile. Mayai yalitosha mpaka siku ya mwisho. Elia alikula mengi kuliko mimi na huku anasema chumvi imezidi. Imezidi kweli, lakini usimwambie mdogo wako.

Nyie watoto mmeandikiana mkadhani mmefumbua siri. Haikuwa siri. Mwaka wa kwanza wa ndoa mama yenu alisahau mayai motoni mpaka sufuria ikakauka, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni namsemesha. Akanifukuza. Akasema kama ninataka kuongea naye akiwa na sufuria, basi nikae mbele na kazi yangu na tusali, angalau tutajua muda. Ndiyo ikawa hivyo miaka thelathini na mmoja. Yeye alikuwa anaanza, mimi namalizia. Nusu yangu ndiyo inayotaja saa ya kufa kwetu. Tangu mwezi wa kwanza ulimi ulikuwa unakataa kufika pale, na bila yeye kuanza sikuwa na la kumalizia. Imakulata alipoanza kule jikoni na kunyamaza, nilijua ananisubiri mimi. Mtu hawezi kumwacha mtoto wake anasubiri.

Porini tulisali kila siku, mimi na Elia. Kwenye kumi la mwisho nilikuwa nawataja Mariana mkubwa na Mariana mdogo. Mwambie Silvesta alifanya vizuri kuishika ile simu. Mimi pia ningeishika. Na wewe mama yangu, siku nyingine usimfiche baba yako msiba kwa kumhurumia. Mzigo ule ulikuwa wangu pia, ukanyimwa mkono wangu.

Sasa jambo lililonifanya niombe miwani ya watu. Mdogo wako aliamini nililiacha yai la mwisho kwa huzuni. Sikumjibu, kwa sababu nami nilikuwa nimekukasirikia wakati ule, nikaona aibu kusema kwamba nakukasirikia na bado nakuwekea. Siku ya kuanua tanga watoto walikuwa watatu, wakaonja wawili. Lile ni lako. Kila Jumapili nilipokuwa nakula nilikuwa najua pa kuishia. Limekuwa rangi ya chai ya rangi, lakini siki ni ya mama yako. Nimenusa asubuhi hii, nimekohoa.

Elia alisema tulifunge vizuri tukutumie. Nimekataa. Njoo ulilie hapa na ulile hapa. Njoo na Glory na mume wako. Nitalikata vipande vinne, unanijua. Vitatu ni vyenu. Cha nne tutakipeleka kaburini kwa mama yako, na yule mdogo naye apate, ila padri asisikie.

Usiandike tarehe, barua zinachelewa. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa stesheni Mpanda kila treni ya Jumatatu na kila ya Alhamisi. Nitasimama mpaka mabehewa yote yawe matupu, na kama hujashuka, nitarudi tena treni inayofuata.

Baba yako,
Severini